Amir Abdulkadir wa Jazair: Nasaba Yake na Maisha Yake

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) na Aali zake na Sahaba zake, tunaeleza humu khabari za bwana mmoja katika masharifu wa Magharibi, naye ni Amir Abdulkadir bin Muhyiddin Al-Hasani, ambaye watu wa Aljeria wanamhesabu kuwa ndiye aliyeweka msingi wa dola yao. Nchi hiyo kwa Kiarabu huitwa Jazair, na kwa jina hilo tutaitaja.

Sisi watu wa pwani likitajwa jina la Sheikh Abdulkadir, fikra zetu huenda moja kwa moja Baghdad, kwa Sheikh Abdulkadir Jilani, ambaye manaqibu yake yanasomwa majumbani na misikitini kwetu. Huyu tunayemweleza ni mwingine, aliyekuja baada yake kwa miaka mia saba. Lakini jina alipewa kwa kutabaruku na yule, kwani wazee wake walikuwa watu wa tarika ya Kadiria, na wote wawili, yule wa Baghdad na huyu wa Jazair, nasaba zao zinarejea kwa Sayyidna Hasan bin Ali (R.A.).

Sababu ya kuandika karatasi hizi ni kwamba nimekaa na wanafunzi miaka mingi, nikaona wengi katika wao wanaijua nasaba yao babu kwa babu hata arobaini, na wengine wameiandika nyuma ya msahafu kwa wino mwekundu. Jambo hilo ni jema wala silikatazi, kwani kujua nasaba ni katika kuunga udugu. Lakini ukimwuliza mmoja wao, babu yako wa tano alifanya nini, hana la kujibu isipokuwa kwamba alikuwa sharifu. Basi nimependa wasome khabari za mtu ambaye nasaba yake ilimtaka kitu, naye akakitoa.

NASABA YAKE

Yeye ni Abdulkadir bin Muhyiddin bin Mustafa, na silsila inapanda mpaka kwa Idris wa pili, bin Idris wa kwanza, bin Abdalla Al-Kamil, bin Hasan Al-Muthanna, bin Hasan, bin Ali bin Abi Talib na Bibi Fatima binti wa Mtume (S.A.W.).

Katika silsila hii yako mambo mawili yafaayo kusimama. La kwanza, huyu Abdalla Al-Kamil baba yake ni mwana wa Sayyidna Hasan, na mama yake ni Fatima binti wa Sayyidna Husein. Kwa hivyo alikusanya damu za ndugu wote wawili, na kwa ajili hiyo akaitwa pia Al-Mahdh, yaani aliye safi pande mbili. Masharifu wetu wa Lamu na Mombasa na Unguja na Ngazija, aghlabu yao wametoka Hadhramaut, nao ni wa upande wa Sayyidna Husein. Basi msomaji asidhani kwamba hawa wa Magharibi ni watu wa mbali nao. Ni watoto wa wajomba.

La pili ni kisa cha Idris wa kwanza, nacho kinataka maelezo, kwani bila ya kukijua hutajua kwa nini watu wa Magharibi wakamkimbilia kijana wa miaka 24 walipofikwa na msiba.

Watoto wa Abdalla Al-Kamil waliteswa sana na watawala wa Bani Abbas. Muhammad, aliyeitwa Nafsi Zakiya, aliuawa karibu na Madina mwaka 145 wa Hijra, yaani 762. Nduguye Ibrahim akauawa Iraq baada yake kidogo. Kisha mwaka 169 wa Hijra, 786 kwa hesabu ya miladi, yakatokea mapigano ya Fakhkh karibu na Makka, wakafa wengi katika jamaa hao. Idris akaokoka. Akatoka Hijazi kwa siri, hana jeshi wala mali, yuko na mtumwa wake mwachwa huru aliyeitwa Rashid. Wakapita Misri, wakaikata Afrika ya kaskazini yote mpaka wakafika Walila, katika nchi ambayo leo ni Moroko. Wenyeji wa hapo, kabila ya Awraba katika Waberberi, wakamjua kwa dini yake na ukoo wake, wakamfanya imamu wao mwaka 172 wa Hijra, yaani 789. Hakuwapiga vita akawashinda; walimpokea mgeni aliyefukuzwa. Baada ya miaka miwili akafa kwa sumu, na wanaosimulia wanasema iliyotumwa kutoka Baghdad. Akamwacha mkewe Kanza, mwanamke wa Kiberberi, ni mja mzito. Akazaliwa Idris wa pili, akalelewa na Rashid na watu wa mamaye, naye ndiye aliyeujenga mji wa Fes ukawa mji mkubwa. Kwake yeye ndiko inakorejea nasaba ya Amir.

Basi tazama: ukoo huu wa kifahari ulianza Magharibi kwa mkimbizi mmoja, na mtumwa mwachwa huru, na mwanamke mjane wa kabila nyingine. Mwenye kujifakhiri kwa Idris na akamdharau mgeni au mtu asiye na kabila, hajui anajifakhiri kwa nini.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa mwezi wa Rajab mwaka 1223, sawa na Septemba 1808, katika kijiji cha Guetna karibu na mji wa Mascara, magharibi ya Jazair, katika watu wa kabila ya Bani Hashim. Hapo babu yake, Sayyid Mustafa, alikuwa ameweka zawiya ya Kadiria baada ya kurudi safari ya Mashariki, na baba yake, Sayyid Muhyiddin, akaishika baada yake. Zawiya si mahali pa dhikri peke yake. Ilikuwa ni chuo, na nyumba ya wageni, na mahali pa kusuluhisha watu waliogombana. Maskini akila hapo, na aliyedhulumiwa akija hapo kabla hajaenda kwa kadhi.

Mama yake, Bibi Zahra, alikuwa mwanamke msomi, na jambo hilo katika zama zile lilikuwa nadra. Yeye ndiye aliyemsomesha mwanzo. Akaihifadhi Kurani akiwa mdogo, akasoma fikihi ya Imam Malik ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa Magharibi, na hadithi, na lugha. Akapelekwa Oran kusoma zaidi. Na juu ya hayo alikuwa hodari wa kupanda farasi, hata watu wakimtaja kwa hilo kabla hawajamtaja kwa elimu.

Mwaka 1825 baba yake alikusudia kwenda Hija, akamchagua yeye katika watoto wake wamfuate. Bey wa Oran, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya Waturuki, akaingiwa na shaka kuona watu wengi wanamfuata sharifu njiani, akawazuia baba na mwana Oran muda mrefu. Walipoachiwa wakaenda kwa njia ya Tunis na Misri. Kijana akaiona Misri ya Muhammad Ali Pasha, yenye majeshi ya taratibu mpya na viwanda, na jambo hilo likamkaa moyoni. Wakahiji, wakakaa Shamu, wakaenda Baghdad kumzuru Sheikh Abdulkadir Jilani, wakarudi Makka tena, kisha wakarejea kwao. Safari yote ilikuwa zaidi ya miaka miwili. Alipofika Guetna alikaa na vitabu vyake na mkewe Khaira, binti wa ami yake, na lau si yaliyotokea pengine angaliishi na kufa sheikh wa zawiya kama babu yake, na sisi tusingalimjua.

WAFARANSA WANAINGIA

Chanzo cha ugomvi kilikuwa deni la ngano. Ufaransa ilikuwa inadaiwa fedha za ngano iliyonunuliwa Jazair zamani, wala haikulipa. Mwaka 1827 Dey Husein, mtawala wa Algiers, alimkasirikia balozi wa Ufaransa kwa ajili hiyo, akampiga kwa kipepeo chake cha mkononi. Tarehe 5 Julai 1830 mji wa Algiers ukasalimishwa kwa jeshi la Ufaransa, na Dey akaondoka. Waturuki walipoondoka nchi ikabaki bila mtawala; kila kabila ikajitazama yenyewe, na njia zikajaa wanyang'anyi. Watu wa magharibi wakamwendea Sayyid Muhyiddin awe amiri wao. Akakataa kwa uzee. Walipomshika sana akawapa mwanawe.

Tarehe 27 Novemba 1832, tarehe 3 ya Rajab 1248, katika uwanda wa Ghris karibu na Mascara, chini ya mti mkubwa, masharifu na maulamaa na wakubwa wa makabila wakampa Abdulkadir bai'a, yaani kiapo cha kumtii katika haki. Hakujiita mfalme wala sultani. Akakubali jina la Amir, na kwa Sultani wa Moroko akaweka heshima yake. Baba yake akafa mwaka uliofuata.

Ni kweli kwamba nasaba ndiyo iliyomfungulia mlango. Makabila yale hayakuwa na desturi ya kutiiana; mkubwa wa kabila hii hakubali kuwa chini ya mkubwa wa kabila ile. Lakini kumtii mwana wa Idris si aibu kwa mtu ye yote. Hiyo ndiyo faida ya ukoo wa kisharifu katika siasa: unakuwa si wa kabila yo yote, kwa hivyo unaweza kuwa wa wote. Ila mlango ukishafunguliwa, nasaba haimfai mtu tena ndani ya nyumba.

NAMNA ALIVYOTAWALA

Mwaka 1834 alifanya mapatano na jemadari Desmichels wa Oran. Mapatano hayakudumu. Mwezi wa Juni 1835 akalishinda jeshi la Wafaransa katika vinamasi vya Macta. Nao wakalipiza kwa kuuteka na kuuchoma mji wa Mascara mwisho wa mwaka ule ule. Mwaka 1836 akashindwa na jemadari Bugeaud penye mto wa Sikkak. Kisha tarehe 30 Mei 1837 Bugeaud huyo huyo akafunga naye mapatano ya Tafna, na kwa mapatano hayo Amir akabaki na kiasi cha thuluthi mbili za nchi.

Katika miaka miwili na nusu ya amani aliyopata baada ya hapo, alifanya kazi ambayo wengine hawakuifanya katika miaka hamsini. Aligawa nchi mafungu manane, kila fungu na khalifa wake, na chini yao maagha na makaidi; akaweka makadhi wenye mishahara. Kodi za zamani za Waturuki akaziondoa, akatoza zaka na ushuru wa kisheria, na alipohitaji zaidi kwa vita aliomba kwa jina la msaada. Akapiga fedha yake mwenyewe, iitwayo Muhammadiya. Akafanya jeshi la mshahara, lenye nidhamu na sare, na kiwanda cha bunduki.

Mji wake mkuu aliujenga Tagdempt, juu ya magofu ya mji wa kale wa Tahert. Na hapa wasomaji wetu wa Unguja na Maskati watanisamehe nikitoka kidogo katika njia, kwani Tahert ulikuwa mji wa maimamu wa Kiibadhi wa Bani Rustam, tokea karne ya pili ya Hijra mpaka ulipovunjwa mwaka 909. Amir alikuwa Maliki na sharifu; wala hakuona taabu kujenga juu ya msingi wao.

Yeye mwenyewe hakula katika Beitulmali. Aliishi kwa mali ya urithi wa baba yake, akavaa nguo za sufu zilizofumwa nyumbani, akakaa hemani. Lakini jambo zito kuliko hayo ni kwamba alizifuta heshima za makabila ya makhzen, nao ni wale waliokuwa wakisamehewa kodi zama za Waturuki ili wawatoze wenzao. Akasema kwa vitendo kwamba hapana kabila bora kuliko nyingine mbele ya sheria. Baadhi yao, khasa Duair na Zmela wa upande wa Oran, wakaona haya ni makubwa, wakajiunga na Wafaransa mwaka 1835. Ndipo utakapojua thamani ya jambo hili: mtu aliyepata utawala kwa nasaba, kitu cha kwanza alichokivunja ni upendeleo wa nasaba, na kikamgharimu watu.

Vita vikarudi mwisho wa mwaka 1839, baada ya mtoto wa mfalme wa Ufaransa kulipitisha jeshi katika njia ya milima ya Biban, ambayo Amir aliihesabu kuwa ni nchi yake kwa mapatano. Mwaka 1841 Bugeaud akarejea akiwa gavana mkuu. Huyu aliona kwamba mtu asiye na mji hashindwi kwa kutekwa miji, bali hushindwa kwa kunyimwa chakula. Akawaamrisha askari wake wachome mashamba, wakate miti ya matunda, wachukue wanyama. Tagdempt ikavunjwa mwaka huo. Jeshi lake likaongezeka mpaka likapita watu laki moja. Mwezi wa Juni 1845, katika milima ya Dahra, watu wa Ulad Riah waliokimbilia pangoni na wake na watoto wao waliwashiwa moto mlangoni mpaka wakafa kwa moshi, mamia yao.

Amir akaufanya mji wake kuwa wa mahema, ukihama naye, ukaitwa Smala. Ndani yake mlikuwa na makumi elfu ya watu, mafundi, makadhi, wanafunzi na vitabu vyake alivyovikusanya kwa miaka. Tarehe 16 Mei 1843, yeye hayupo, Duke wa Aumale akaushambulia. Wakatekwa watu kiasi cha elfu tatu na vitabu vikatawanyika. Kwa sisi watu wa vyuo, khabari ya vitabu vile inauma hata leo.

WAFUNGWA

Tangu zamani makabila yalikuwa na ada ya kukata vichwa vya maadui na kuvileta kwa zawadi. Amir akaibatilisha. Akatangaza kwamba zawadi ni ya mwenye kuleta mfungwa mzima, na atakayemwua aliyekwisha weka silaha ataadhibiwa. Wafungwa wanawake walikaa katika himaya ya mama yake. Mwaka 1841 alibadilishana wafungwa na Askofu Dupuch wa Algiers, na urafiki wao ukabaki maisha.

Sitaficha lililo baya. Mwezi wa Aprili 1846, Amir akiwa mbali jangwani, njaa imeikaba kambi yake mpakani mwa Moroko, wafungwa wa Kifaransa zaidi ya mia mbili waliuawa na watu wake. Yeye hakuwapo, na aghlabu ya walioandika wanasema hakuamrisha. Lakini mkuu wa watu huulizwa kwa yaliyotendwa na mikono ya walio chini yake, na jambo hilo lilimkaa maisha yake yote. Anayeandika maisha ya wema akaruka mlango huu atakuwa anaandika kasida, haandiki tarikh.

NDUGU KUMGEUKA NDUGU

Alipobanwa alikuwa akiingia Moroko. Sultani wa huko, Mulai Abdulrahman, naye ni sharifu Hasani, na nasaba yake inapanda kwa Muhammad Nafsi Zakiya, ndugu wa Idris. Basi ni watoto wa baba mmoja, Abdalla Al-Kamil. Mwanzo alimsaidia. Kisha tarehe 14 Agosti 1844 jeshi la Moroko likavunjwa na Wafaransa kwenye mto wa Isly, na katika mapatano ya Tangier Sultani akalazimishwa kumhesabu Amir kuwa ni mtu aliye nje ya sheria. Mwezi wa Desemba 1847 jeshi la Moroko likamtoka nyuma, na Wafaransa wako mbele yake.

Simlaumu Sultani kama wanavyomlaumu baadhi ya watu. Alikuwa na nchi ya kuilinda na mizinga ya meli imekwisha piga bandari zake za Tangier na Mogador. Lakini nataka msomaji aone kwamba siku ile, katika mvua ya baridi, masharifu wawili wa damu moja walikuwa wanapigana, na nasaba haikusema neno.

Amir aliweza kupenya peke yake akaingia jangwani na wapanda farasi wachache. Wanawake na wazee na majeruhi wasingaliweza. Akawavusha mto wa Moulouya huku akipigana, akashauriana na wenzake usiku, akamwandikia jemadari Lamoricière: atasalimu amri kwa sharti apelekwe na watu wake Iskandaria au Akka. Lamoricière akakubali, na Duke wa Aumale, aliyekuwa gavana, akalithibitisha. Tarehe 23 Desemba 1847, baada ya miaka kumi na tano ya vita, akaweka silaha.

AHADI ILIYOVUNJWA

Meli haikwenda Iskandaria. Ilikwenda Toulon. Wakatiwa ngomeni, wanaume na wanawake na watoto. Baada ya miezi miwili mfalme wa Ufaransa akapinduliwa, na serikali mpya ikasema kwamba haifungwi na ahadi za ile iliyopita. Mwezi wa Aprili 1848 wakahamishwa Pau, na Novemba wakapelekwa Amboise, ngome iliyo juu ya mto wa Loire, wakakaa hapo miaka minne.

Wafaransa walimtaka awafungue katika neno lao: wakampa kuchagua akae Ufaransa kwa heshima, na mali na mashamba. Akakataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: yeye ametimiza lililo juu yake, na wao hawajatimiza, na fedha zote za Ufaransa hazifanyi ahadi iliyovunjwa kuwa imetimizwa. Hapo ngomeni akisali jamaa na watu wake, akisomesha watoto, akiandika. Wageni wengi walimjia, mapadri na maafisa, hata waliopigana naye, wakatoka wanamtetea. Baridi na huzuni ziliwaua wengi katika jamaa zake. Watu 25 wakazikwa Amboise, na watoto miongoni mwao.

Tarehe 16 Oktoba 1852 Louis-Napoleon alikuja Amboise mwenyewe akamwambia kwamba yu huru. Amir naye akatoa ahadi kwamba hatarudi Jazair kupigana. Akapewa malipo ya kila mwaka kutoka serikali ya Ufaransa, na wako wanaomtia ila kwa kuyapokea. Rai yangu ni kwamba nchi yake na mali yake vimechukuliwa, na ana mamia ya watu wanaomtegemea. Aliyenyang'anywa shamba akarudishiwa kikapu cha mazao hakupewa hongo.

Mwaka 1871 Jazair ikainuka katika vita vya Mokrani, na mwanawe mmoja, Muhyiddin, akaenda kujiunga nao. Amir akamkana hadharani. Ni jambo chungu kulisoma, na wanafunzi wangu hunibishia hapa kila mwaka. Mimi siwezi kusema kwamba moyo wake haukuwa pamoja na watu wake. Nasema kwamba alikuwa ametoa neno, na yeye alijua kuliko mtu ye yote uchungu wa neno lisilotimizwa.

DAMASKI

Alikaa Bursa katika nchi ya Uturuki, na baada ya zilizala ya mwaka 1855 akahamia Damaski. Alikaa katika mtaa wa Amara, akasomesha katika msikiti wa Bani Umayya, na Wamagharibi wengi waliohama kwao wakakusanyika kwake. Akashughulika na elimu ya tasawwuf na vitabu vya Sheikh Muhyiddin Ibn Arabi. Akagharimia kupigwa chapa Futuhat Makkiya baada ya kuifanya isahihishwe kwa nuskha iliyoandikwa kwa mkono wa mwenyewe, iliyoko Konya. Kitabu chake kikubwa ni Mawaqif.

Mwaka 1860 vita vilitokea katika milima ya Lebanon baina ya Wadruzi na Wamaroni. Moto ukateremka Damaski. Huko chuki ilikuwa imekwisha limbikana, kwani mwaka 1856 Sultani wa Uturuki alikuwa amewapa Wakristo haki sawa na Waislamu na kuondoa jizya. Mahali pake pakawekwa malipo ya kusamehewa jeshi, nao wakasita kuyalipa. Wako waliosema kwamba ahadi ya dhimma imevunjika, na kwa hivyo damu imekuwa halali. Sisi tunaosoma mlango wa jizya katika Minhaj na sharhi zake tunajua ubovu wa kauli hiyo. Kuhukumu kuvunjika kwa ahadi ni kazi ya imamu, si ya watu wa sokoni. Na hata ikihukumiwa, mwanamke na mtoto haiwi halali kuwaua.

Amir alipata fununu mapema, akamwonya gavana Ahmad Pasha zaidi ya mara moja, hakusikilizwa. Tarehe 9 Julai ghasia zikaanza, na mtaa wa Wakristo ukawashwa moto. Yeye akatoka na Wamagharibi wake wenye silaha, akaingia vichochoroni wakiwaita watu watoke wawafuate. Akawaingiza mabalozi nyumbani kwake, na masista na watoto wao, na kila waliyempata, mpaka nyumba yake na za majirani hazikuwa na mahali pa kukaa. Akawapeleka kwa makundi ngomeni chini ya ulinzi wa watu wake, akarudi kuchukua wengine. Akatangaza kwamba atamlipa fedha kila atakayemletea Mkristo aliye hai, ile ile kanuni ya wafungwa aliyoiweka Jazair. Watu wenye silaha walipokuja mlangoni kwake kudai wapewe Wakristo, akawatokea, akawakataza kwa maneno ya dini, na walipokataa dini akawaonyesha upanga. Wakarudi. Waliookoka kwa mkono wake na wa watu wake ni maelfu. Maelfu wengine walikufa. Fuad Pasha alipofika na jeshi la Sultani, katika waliohukumiwa kufa alikuwamo Ahmad Pasha mwenyewe.

Wafalme wakampelekea nishani, na rais Lincoln wa Marekani bastola. Lakini barua iliyo bora kuliko hizo ilitoka kwa Imam Shamil wa Daghestan, naye ni Shafi kama sisi, aliyepigana na Warusi miaka mingi kama Amir alivyopigana na Wafaransa, na wakati huo alikuwa mateka Urusi. Alimshukuru kwa kuisimamisha sheria pale wengine walipoiacha. Amir akamjibu kwamba alilolifanya ni wajibu wa sheria na wa utu tu.

Na katika kumjibu Askofu wa Algiers alieleza maana kama hiyo. Hakutaja kokote kwamba amefanya kwa kuwa ni sharifu. Ila mimi nikiwaza siku ile ya Damaski namkumbuka babu yake Idris akiingia Walila amefukuzwa, na watu wasiomjua wakimfungulia mlango.

KUFA KWAKE

Mwaka 1863 alikwenda tena Makka na Madina, akajitenga kwa ibada muda mrefu. Mwaka 1869 alihudhuria kufunguliwa mfereji wa Suez. Baki ya umri wake aliumaliza Damaski kwa kusomesha, kutoa sadaka na kusuluhisha watu, kama wazee wake wa Guetna.

Alifariki tarehe 26 Mei 1883, mwezi wa Rajab 1300. Katika Rajab alizaliwa, katika Rajab alipewa bai'a, na katika Rajab akafa. Akazikwa Salihiya, chini ya mlima wa Kasiyun, ubavuni mwa Sheikh Muhyiddin Ibn Arabi. Katika wajukuu wake alitoka Amir Khalid, aliyewasemea watu wa Jazair mbele ya Wafaransa baada ya vita vya 1914, akahamishwa nchi mwaka 1923, akafa Damaski mwaka 1936.

Jazair ikapata uhuru tarehe 5 Julai 1962, miaka 132 kamili tokea Algiers kutekwa. Mwaka 1966 mifupa ya Amir ilichukuliwa Damaski, ikazikwa Algiers katika makaburi ya El Alia. Wale watu 25 waliofia kifungoni pamoja naye wamebaki Amboise, katika bustani ya ngome, na makaburi yao yameelekezwa kibla.